WRX yangu busti (presha ya hewa ya turbo) inagota baa 0.6, zamani ikifika 1.0. Nikague wapi kabla sijanunua turbo nyengine?

Msuba_Kiembesamaki

Assalam alaykum wana gari wote. Nna Impreza WRX ya 2004, injini EJ205, gia za mkono, nimeinunua ishafanyiwa mambo na mie nikaendeleza. Ina intakula (kipoza hewa inayotoka turbo) ya mbele badala ya ile ya kiwanda inayokaa juu ya injini, daunpaipu (paipu ya ekzosi inayotoka turbo) ya inchi 3 isiyo na masega (kisafisha moshi), filta ya hewa ya koni, blo-ofu (valvu inayomwaga busti unapoachia mafuta) ya kutolea hewa nje, na programu ya injini imetengenezwa upya Dar na jamaa anayejua kazi yake. Turbo ni ile ile ya kiwanda TD04, sijaigusa. Geji ya busti nnayo kwenye nguzo ya kioo, imeungwa moja kwa moja kwenye manifoldi (pale hewa inapogawika kwenda silinda).

Baada ya ile programu gari ilikuwa inajaza 1.0 baa bila matata, unakanyaga gia ya 3 ikifika raundi 3,000 mshale ushapanda wote. Sasa kuna gereji moja hapa mjini niliwapelekea wanisafishie chini ya boneti, wakatoa mipira yote midogo ya vakyumu iliyokauka wakaweka ya silikoni ya buluu, imependeza kwa kweli, na wakasogeza mabomba ya intakula kidogo maana moja lilikuwa linagusa bampa. Tokea hapo nguvu zikaanza kupungua. Mwanzo nikadhani ni joto la kaskazi, maana mwezi wa pili huu hewa yenyewe ukiivuta ya moto, lakini haiwezi kuwa joto peke yake.

Hivi sasa busti inagota 0.6, mara 0.55, na hapo haivuki hata ukanyage mpaka kwenye zulia. Pia inachelewa kuamka, inataka raundi 3,800 ndo mshale unafika hapo. Nikikanyaga sana nyuma inatoa moshi mweusi, si mwingi lakini upo, na mafuta inakula zaidi. Taa ya injini haijawaka.

Fundi aloiona kaniambia turbo imechoka, ninunue nyengine, na bei alonitajia ya used kutoka Dar ukiongeza na kuivusha kwa boti na kufunga ni pesa ya kuezekea nyumba. Mie sijaridhika kwa sababu gari haitoi moshi wa buluu, hainywi oili, haipigi mluzi wowote mgeni. Nisaidieni, nianzie wapi?

---

Yakhe_Darajani

Waalaykum salam. Yakhe gari ya 2004 hiyo, turbo ishakula chumvi nyingi, mie ningekwambia badilisha umalize mambo. Ila kabla hujatoa pesa angalia ule mpira mdogo unaokwenda kwenye aktueta ya westigeti, ukichanika ule busti inapotea. Kaka yangu ana Forester ilimfanya hivyo hivyo.

---

Fundi_wa_Mwera

Ndugu yangu mwenye gari, usitoe hata shilingi ya turbo kwanza. Turbo ikifa inasema. Ikifa beringi inapiga kelele, feni zinakwangua ukuta, oili inavuja unapata moshi wa buluu na harufu ya oili kuungua. Yako haina hata moja.

Na wewe Yakhe usinichukulie vibaya lakini hilo la mpira wa aktueta ni kinyume chake. Westigeti ni kilango kidogo upande wa moto wa turbo, kikifunguka moshi wa ekzosi unapita pembeni bila kuzungusha feni, busti inakoma hapo. Anayekifungua ni aktueta, lile kopo lenye springi ndani, na aktueta inasukumwa na presha inayotoka turbo kupitia ule mpira. Mpira ukichanika presha haifiki kwenye kopo, kilango kinabaki kimefungwa, busti inapanda mpaka ECU (kompyuta ya injini) ikate mafuta au injini ipasuke. Kwa hiyo mpira uliochanika pale unakupa busti kubwa mno, haukupi ndogo. Forester ya kaka yako itakuwa ilikuwa na ugonjwa mwengine.

Haya sasa turudi kwa Msuba. Uliposema inagota 0.6 au 0.55 na haivuki, mie hapo nikasimama. Springi ya aktueta ya TD04 ya kiwanda inaanza kufungua kilango kwenye presha ya karibu 0.5 baa hivi. Ili upate zaidi ya hapo kuna solenoidi ya busti, valvu ndogo ya umeme, kazi yake kuiba sehemu ya ile hewa inayokwenda kwenye kopo na kuirudisha kwenye mpira wa kuingizia hewa kabla ya turbo, kopo linaona presha ndogo kuliko iliyopo, kilango kinachelewa kufunguka, busti inapanda mpaka pale programu inapotaka. Sasa gari ikikwama kwenye presha ya springi, kila siku, pale pale, maana yake springi ndo inayoamua na solenoidi haina usemi. Turbo mbovu haikwami pale pale kila siku, inayumba.

Na gari imeanza baada ya kubadilishwa mipira midogo. Nna wazo langu juu ya hiyo mipira ya buluu lakini nataka kwanza unijibu mambo haya: ile mipira ya zamani iko wapi? Na solenoidi, iko upande wa turbo, ina soketi ya umeme na mipira miwili, soketi imechomekwa vizuri? Ichomoe, ipulize kwa mdomo, bila umeme hewa isipite. Kisha mpe volti 12 kutoka kwenye betri, uisikie inasema tak, na hewa ipite. Ikikataa mojawapo hiyo mbovu.

Aktueta nayo ijaribu kwa pampu ya mkono yenye geji. Unaipa 0.5 au 0.6 unaangalia kile kijiti kinasogea, halafu unaacha, mshale usishuke. Ukishuka ngozi ya ndani imetoboka.

---

BintiMbweni

Fundi kasema maneno. Mie naongezea maana kwenye maelezo ya kaka Msuba naona dalili mbili na watu wanazichanganya kuwa moja.

Busti kugota ni jambo moja, busti kuchelewa ni jambo jengine. Solenoidi isipofanya kazi mshale utagota chini lakini hautochelewa sana kufika hapo, springi haimzuii turbo kuamka. Kinachomchelewesha ni ama hewa inavuja baada ya turbo, ama moshi unavuja kabla ya turbo, ama ekzosi imeziba. Ekzosi yako haina masega kwa hiyo hilo la mwisho naliweka mbali.

Na ule moshi mweusi ndo umenionyesha. Impreza hiyo inapima hewa kwa sensa iliyopo baada ya filta, kabla ya turbo. ECU inahesabu hewa pale na kutoa mafuta kwa hesabu ile. Hewa ikishapimwa kisha ikavuja kwenye bomba la intakula, mafuta yanakuja ya hewa yote wakati nusu yake imeishia kwenye bampa, mchanganyiko unakuwa mzito, moshi mweusi, mafuta yanaliwa zaidi. Turbo nayo inazunguka kwa nguvu zaidi kujaribu kujaza mtungi uliotoboka. Ingekuwa mpasuko uko kati ya sensa na turbo mambo yangegeuka, hewa ingeingia bila kupimwa na mchanganyiko ungekuwa mwepesi, na huo ndo wa hatari zaidi kwa pistoni. Kwa hiyo mie ukiniuliza, una uvujaji baada ya turbo NA una tatizo la kuongoza westigeti, vyote viwili kwa pamoja, na vyote vimetokea siku moja gereji.

Jambo jengine, hakikisha geji yako inasema kweli kabla hujafukuzana na namba. Chomeka skana, washa swichi bila kuwasha injini, soma presha ya manifoldi. Sisi huku tuko usawa wa bahari, inatakiwa isome karibu kPa 101. Hiyo ni hewa ya kawaida tu, si busti. Skana nyingi zinaonyesha presha kamili pamoja na hewa ya nje, kwa hiyo ukikanyaga ikasema 160 toa 101, busti yako ni 59, yaani 0.59 baa. Nshaona watu wanabishana mtu ana 1.6 mwengine ana 0.6 kumbe gari zao sawa. Na mtu wa Arusha mjini alioko mita kama 1,400 juu ya bahari yeye akiwasha swichi atasoma karibu 86, msilinganishe namba zenu na zake.

Injini ikiwa inanguruma taratibu geji ya busti inatakiwa iwe upande wa vakyumu karibu 0.6 mpaka 0.7 chini ya sifuri. Ikiwa 0.4 na inatetemeka kuna hewa inaingia manifoldi kwenyewe.

---

Msuba_Kiembesamaki

Mashallah hapa nimejifunza kuliko pesa yote nilolipa. Fundi wa Mwera, mipira ya zamani walitupa, nimewauliza wakasema iliwekwa kwenye takataka. Soketi ya solenoidi imechomekwa. Dada BintiMbweni nimechomeka skana, swichi tu inasoma 101, kwenye kukanyaga 158, kwa hiyo geji yangu ni kweli. Vakyumu ni 0.65, imetulia.

Hiyo ya kutafuta uvujaji naifanyaje bila mashine ya moshi? Gereji yenye mashine ile mie siijui hapa.

---

Peremba_Chake

Salamu kutoka Chake Chake. Mashine ya moshi huna haja nayo, huku Pemba tungeishi vipi. Chombo cha kupimia unakitengeneza mwenyewe na kinatoka kizuri kuliko cha dukani.

Nenda duka la vifaa vya maji nunua kifuniko cha mwisho cha paipu ya PVC, kile cha duara, kinachoingia kwa kubana kwenye mpira wa kuingizia hewa baada ya sensa, kwenye WRX pima mwenyewe maana na filta ya koni watu wanabadilisha vipimo. Toboa tundu katikati, mwambie fundi pancha akupe valvu ya tairi ya tyubules, ivute ndani ya tundu mpaka ikamate. Bas. Ukishafunga kwenye mpira kwa klampu unachomeka pampu ya tairi na unaijaza njia yote ya hewa kutoka turbo mpaka manifoldi.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana watu wanaharibu. Kwenye ule mpira wa kuingizia hewa kuna mipira ya kupumulia injini inaingia, inatoka kwenye kava za valvu na kwenye bloku. Usipoiziba hewa yako yote inaingia kwenye karteri (tumbo la injini lenye oili), utasikia inapiga kelele kwenye kijiti cha oili, na ukilazimisha presha unasukuma sili za krenki nje. Ibane au ichomoe uzibe. Kisha anza na 0.3 tu. Sikiliza. Kama kimya panda 0.5, halafu 0.8. Usizidi 1.0 na usisimame mbele ya kile kifuniko, kikichomoka kinaruka na kinaumiza, mie nakifunga na kamba kabisa.

Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, unapulizia kila maungio, kila kona ya silikoni, chini ya bomba pale ambapo jicho halifiki tia kioo kidogo na tochi. Pulizia blo-ofu pia, ile ya kutolea nje springi yake ikilegea inavuja taratibu wakati wote wa busti na huisikii kwa sababu ya ekzosi. Mipira ya sili kwenye nozeli nayo. Hewa kidogo itasikika inapita kwenye silinda ambazo valvu ziko wazi, utaisikia kwenye ekzosi, hiyo ya kawaida, zungusha krenki kidogo kwa spana itapungua.

Kwenye kisiwa chenu mkienda kupima busti barabarani msikanyage njia ya Jozani tafadhali, kuna kima punju wanavuka na matuta yamewekwa kwa ajili yao. Mie hapa nna vilima. Unaingia mlimani gia ya 3, raundi 2,000, mwendo wa kilomita arubaini na kitu, unakanyaga mpaka chini, injini ina mzigo wa kutosha na TD04 nzima inajaza yote kabla ya raundi 3,500, huna haja ya kukimbia. Unguja kwenu ni sawasawa pote ndo maana mnalazimika kwenda mbio kupata mzigo, tafuteni asubuhi pasipo watu na mtu wa pili asome geji, dereva macho yake yawe njiani.

Na ikiwa hewa haivuji popote angalia upande wa moshi. Kwenye hizi EJ paipu inayopandisha moshi kwenda kwenye turbo ina gasketi juu na chini, gasketi ikiungua moshi unatoka kabla ya kuzungusha feni. Utasikia tik tik tik injini ikiwa baridi, na utaona masizi meusi kwenye maungio. Wangu uliwahi kuvuja hapo, busti ilifika yote lakini ilikuwa inachelewa vibaya.

---

Yakhe_Darajani

Fundi nimekuelewa hilo la aktueta, nashukuru. Lakini nna suali, kwa nini usichomoe tu mpira wa aktueta uone kama turbo ina uwezo wa kupita 0.6? Ikipita ndo unajua turbo nzima.

---

Fundi_wa_Mwera

Kwa nadharia ni kweli na wapo wanaofanya. Mie sikushauri na sitaki mtu asome hapa akajaribu. Westigeti ikiwa imefungwa kabisa hakuna kinachozuia busti, na TD04 kwenye EJ inapanda haraka kuliko mguu wako kutoka kwenye pedali. Petroli yetu nayo si ile gari hizi zilizotengenezewa. WRX ya Japani ilipangwa kwa petroli yao ya premiamu, kiwango chao cha chini kisheria ni okteni 96 na inayouzwa vituoni kwa kawaida karibu 100. Ukiipa busti isiyo na mpaka na petroli ya chini zaidi ya hapo inagonga (mchanganyiko unajilipukia wenyewe ndani ya silinda), na EJ ikigonga chini ya busti kubwa pete ya pistoni inavunjika kwa mkanyago mmoja. Kuna njia za salama za kujua, pampu ya mkono inatosha.

Na kuangalia turbo yenyewe ni rahisi, toa mpira wa kuingizia hewa injini ikiwa baridi, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ukitikisa upande kwa upande kuna mchezo kidogo, huo wa kawaida kwa sababu beringi zake zinaelea kwenye oili na sasa hivi oili haina presha. Ukivuta mbele na nyuma kusiwe na mchezo unaouhisi. Feni zisiguse ukuta hata ukizisukuma, na ncha za feni ziwe kali zisiwe zimeliwa. Hiki kitu kinazunguka zaidi ya raundi laki moja kwa dakika, kingekuwa kibovu kwa wiki zote hizo Msuba angeshavikuta vipande kwenye intakula.

---

Msuba_Kiembesamaki

Nimerudi na majibu. Kifuniko nimetengeneza kama alivyosema Peremba, pampu nimeazima kwa fundi pancha wa pale mtaani akaja na yeye kuangalia.

Turbo kwanza, shafti haina mchezo wa mbele na nyuma, feni safi. Ndani ya bomba kuna utando wa oili kidogo.

Presha 0.3 kimya. Nilipofika 0.5 nikasikia sssss kutoka ndani ya bampa upande wa kushoto chini. Nikatoa kile kifuniko cha plastiki cha chini, nikapulizia sabuni, povu likafura lote kwenye ile kona ya silikoni inayoingia kwenye intakula. Klampu ni zile nyembamba za kukaza kwa bisibisi, imeliwa na kutu imepasuka nusu, na kile kona kimekaa upande, hakikuingia hata sentimita mbili kwenye bomba. Na lile bomba la alumini mwisho wake ni laini tu, halina ukingo wa kuzuia mpira usiteleze. Hapo hapo ndo walipolisogeza ili lisiguse bampa. Blo-ofu haivuji. Nozeli hazivuji.

Nimesafisha oili kwa petroli bomba na ndani ya mpira vikakauka, nimeingiza mpira mpaka mwisho, nimefunga klampu pana za boliti. Nikarudia kupima kwa 0.8, kimya kabisa.

Barabarani sasa inaamka vizuri, raundi 3,100 mshale ushafika na moshi mweusi umekwisha. LAKINI busti bado 0.6. Inafika haraka halafu inagota pale pale.

Solenoidi nimeipuliza, bila umeme imefunga, ukiipa umeme inasema tak na inapitisha. Aktueta nimeipa 0.5 kijiti kinaanza kusogea na presha haishuki.

---

BintiMbweni

Safi sana kaka. Basi uvujaji umekwisha na dalili zake zote zimeondoka nao, kuchelewa na moshi mweusi. Iliyobaki ni ile ya kugota peke yake, na vifaa vyote viwili vizima. Fundi, sasa sema hilo wazo lako la mipira ya buluu.

---

Fundi_wa_Mwera

Haya, ndo pale nilipouliza mipira ya zamani iko wapi.

Kwenye mpira wa kiwanda unaotoka kwenye nyumba ya turbo kuelekea kwenye ile T, ndani yake kuna kipande kidogo cha chuma cha manjano, kimeshindiliwa katikati ya mpira, kina tundu jembamba la milimita moja na kidogo. Kwa nje huoni kitu, unaona mpira mweusi mzee tu. Kazi yake ni kupunguza hewa inayotoka turbo ili solenoidi iweze kuiba sehemu ya kutosha. T ina njia tatu, moja inatoka turbo, moja inakwenda kopo la aktueta, moja inakwenda solenoidi. Ukiweka mpira mpya wazi usio na kile kipande hewa inamiminika nyingi mno, solenoidi hata ifunguke yote haiwezi kuiondoa, kopo linajaa presha kamili, kilango kinafunguka kwenye springi. Umebaki na 0.6. ECU inaona busti haijafika inaamrisha solenoidi ifungue zaidi na zaidi, haisaidii. Hakuna waya uliokatika wala sensa iliyokufa ndo maana taa haikuwaka.

Mie nimeiona hii kwa Subaru zaidi ya moja, mtu anabadilisha mipira iwe mizuri, mpira wa zamani unatupwa na kile kipande ndani yake. Gari haina kosa lolote.

Chomoa huo mpira wa buluu kutoka turbo mpaka T uuchungulie kwenye mwanga. Ukiona upande wa pili wazi umepata jibu.

---

Msuba_Kiembesamaki

Fundi! Nimeuchungulia, wazi kabisa, naona kidole changu upande wa pili. Sasa kile kipande nakipata wapi, nichongeshe?

---

Fundi_wa_Mwera

Usichongeshe kwa kubahatisha. Tundu likiwa dogo kuliko la asili hewa ndogo inafika kwenye kopo na busti inapanda kuliko programu inavyotegemea, unaweza ukajikuta 1.3 bila ya kutaka. Programu yako ya Dar ilitengenezwa na kipande cha kiwanda kikiwemo, kwa hiyo tafuta kile kile. Nenda kwa wanaouza spea za gari zilokatwa, mwambie unataka mpira wa turbo kwenda T wa Impreza au Forester yenye EJ205 na TD04, uubonyeze kwa vidole katikati utasikia kigumu ndani. Ni kitu ambacho muuzaji hakihesabu hata thamani. Ukikikosa hapa mjini kuna jamaa Dar wanakata Subaru, watakuwekea kwenye boti.

Ukipata usiutumie mpira wenyewe kama umepasuka, mchane ukitoe kile kipande ukiingize kwenye silikoni yako, ukifunge na tai ya plastiki kila upande kisitembee. Kisha jaribu taratibu, kanyaga nusu kwanza, mtu wa pili macho kwenye geji, ikipita 1.05 ondoa mguu.

---

Msuba_Kiembesamaki

Nimekipata, kipo kwenye Forester iliyokatwa, yule kijana alinipa bure kwa kuwa nilinunua na boksi la rilei. Kidogo mno, ukikiangusha kwenye mchanga hukioni tena.

Nimefunga, nimekanyaga nusu, 0.7. Nikakanyaga zaidi, 0.9. Nimekanyaga yote gia ya 3, mshale umekwenda 1.0 umetulia pale, ukashuka mpaka 0.95 raundi zilipopanda. Skana inasema 199 kwenye kilele, toa 101 ni 0.98, vinalingana. Raundi 3,000 ishajaza. Gari imerudi wallahi.

Ila bado nikibadilisha gia baada ya kukanyaga inakohoa kidogo kisha inaendelea. Hiyo ilikuwepo tangu zamani.

---

BintiMbweni

Hiyo ni blo-ofu yako ya kutolea nje. Unapoachia mafuta inamwaga hewa ambayo sensa ilishaipima, ECU haijui, inatoa mafuta ya hewa isiyokuwepo, injini inakohoa. Rudisha valvu ya kiwanda inayorudisha hewa kwenye mpira wa kuingizia, TD04 kwa 1.0 baa haina shida nayo ikiwa nzima. Ukiifunga rudia kupima kwa sabuni pale kwenye ungio lake jipya.

---

Peremba_Chake

Na usikitupe kile kifuniko cha PVC. Klampu nyengine zile nyembamba zilobaki kwenye mabomba ya juu zibadilishe sasa hivi, chumvi ya baharini ishaanza kuzila hizo pia.

---

Msuba_Kiembesamaki

Klampu nishaagiza zote sita. Valvu ya kiwanda ninayo kwenye boksi nyumbani, naifunga Jumamosi nitaleta majibu.